Ala Kwanza, Taashira Baadaye

Umezuka katika uhakiki wetu mtindo wa kuisoma ala ya muziki kana kwamba maana yake imekwisha kuamuliwa kwingine. Mhakiki akutanapo na zumari au ngoma katika utungo, hukimbilia orodha ya taashira iliyochotwa katika michoro ya kale ya Ulaya, akatangaza kwamba muziki ni anasa ipitayo. Tunaupinga mtindo huu, na tunaanzia palepale unapojiegemeza.

Tuchukue picha ya vitu tuli ya Harmen Steenwijck, ya mnamo 1640, iliyomo katika National Gallery, London. Pana fuvu, saa, taa inayozimika, upanga wa Kijapani, kombe la baharini, vitabu na ala tatu. Mwalimu azitajaye ala hizo kuwa gitaa na filimbi mbili amekosea mara mbili. Ile iliyogeuzwa mgongo ni luti, ambayo jina lake latokana na Kiarabu, al-ud. Ni ndugu wa udi wa taarab. Ya pili ni ya ukoo wa zumari. Ya tatu pekee ndiyo filimbi.

Kosa hilo si dogo, kwani linaufuta ujamaa ambao ungetufunza jambo. Luti inayomkumbusha Mholanzi mauti ina nduguye ambaye, katika harusi za Unguja, hutangaza furaha. Wala Ulaya yenyewe haina kauli moja: katika mchoro wa Hans Holbein wa mabalozi wawili, wa 1533, luti yenye uzi uliokatika hufasiriwa aghalabu kuwa ishara ya mfarakano. Taashira, basi, haimo katika mbao na nyuzi. Imo katika mapatano ya wale wanaoisikiliza ala.

Watakuwapo watakaotukumbusha Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo juu ya hadaa za dunia. Maudhui yanakaribiana, hatubishi. Hata hivyo, mshairi huyo hakuazima taashira. Aliteua vidaka vya majumba ya Pate, vilivyopangwa sahani, akavionyesha vikiwa malazi ya makinda ya ndege. Vinatuchoma kwa sababu hadhira yake ilijua ni vya nani na viliashiria hadhi gani.

Anayeumia ni mwanafunzi. Mfikirie atokaye Muthara, huko Tigania. Ni Mmeru, na miongoni mwa Ameru ngoma za Wachuka, zinazobanwa mapajani huku wapigaji wakicheza, zimevuma nchi nzima. Akiingia chuoni na kuambiwa kwamba ngoma katika riwaya ni anasa ipitayo, anafunzwa kutoyaamini masikio yake. Atafaulu mtihani, na huenda akaandika tasnifu. Lakini atakuwa amejifunza kuhakiki asichokisikia.

Hatudai mengi. Mhakiki aitaje ala kwa jina lake. Aeleze jinsi inavyotoa sauti. Aonyeshe ni nani mwenye haki ya kuipiga, na katika hafla gani. Akishayatimiza hayo, na aifasiri apendavyo, nasi tutamsoma kwa makini. Asiyeyaweza na aiache taashira ipumzike, aende kwanza akaisikilize ngoma inapopigwa.