Mchagua Mpinzani Si Mwoga

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na watu wa leo wanaoitoa methali hiyo shambani na kuipeleka ulingoni. Kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu, kila masumbwi yanapoonyeshwa katika vibanda vya video, nasikia hukumu ile ile: bondia wa kweli hachagui mpinzani. Anayeuliza ni nani, ana uzito gani na pambano ni lini, huyo ni mwoga, alipelekwa jandoni bure. Kwetu Ukuryani tusi la uoga ni zito kuliko ngumi, ndiyo maana mameneja wanalipenda. Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye faida kwa watu wasiopigwa.

Tumtazame Martin Bakole, mwana wa Kongo, mzaliwa wa Kananga, bondia wa uzito wa juu. Tarehe 3 Agosti 2024 huko Los Angeles alimpiga Jared Anderson, kijana ambaye Wamarekani walikuwa wakimwandalia ubingwa, na mpambano ukaisha raundi ya tano. Tangu siku hiyo Bakole alihesabiwa miongoni mwa wanaoukaribia mkanda wa dunia. Likabaki swali moja: sasa apigane na nani?

Jibu halikutoka katika mpango wake wala wa mwalimu wake. Lilitoka katika ugonjwa wa mtu mwingine. Februari 2025 Daniel Dubois, bingwa wa IBF, aliugua zikiwa zimebaki siku mbili tu apambane na Joseph Parker mjini Riyadh. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, televisheni zinasubiri. Simu ikapigwa kwa Bakole, naye akaitika. Usiku wa tarehe 22 alipanda ulingoni akiwa na uzito uliozidi kilo 140, mbele ya mtu aliyekuwa amejiandaa kikamilifu kugombea ubingwa. Raundi ya pili ikamtosha. Mei mwaka huo huo alirudi Riyadh, akatoka sare na Efe Ajagba. Ngazi aliyoipanda kwa miaka ikateleza kwa usiku mmoja.

Watetezi watasema alilipwa. Sikatai. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: aliyepiga simu ile alikuwa na haja gani? Alihitaji mtu wa kusimama katika kona iliyokuwa tupu. Hiyo ilikuwa haja ya mwandaaji, wala haikuwa haja ya Bakole. Kabla ya kuitika, bondia hana budi kutenganisha haja ya anayemwita na haja yake mwenyewe.

Parker naye ana somo lake. Baada ya ushindi ule alikuwa na haki ya kupambana na Oleksandr Usyk. Usyk akaomba muda kwa sababu ya maumivu. Parker hakungoja. Tarehe 25 Oktoba 2025 alikubali kupigana na Fabio Wardley mjini London, na katika raundi ya 11 mwamuzi akasimamisha. Mwezi uliofuata Usyk aliuachia mkanda wa WBO, Wardley akawa bingwa bila kurusha ngumi nyingine. Je, Parker alikosea? Wengi wamemcheka, mimi simcheki. Alimjua mpinzani, alipata muda wa kambi, akaipima hatari kwa akili yake, akashindwa. Kuchagua hakumhakikishii mtu ushindi. Kunamhakikishia kwamba hatari aliyoibeba ni yake.

Najua nitajibiwa kwa jina la Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga. Septemba 2018 alikwenda Birmingham akiwa hajulikani, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Nilishangilia kama Mtanzania yeyote. Lakini Septemba 2022 alirudi Uingereza, mjini Liverpool, mpambano wake na Liam Smith ukaisha raundi ya nne, na baadaye akalalamikia mzigo uliopotea safarini na viatu visivyomfaa. Wanaosimulia Birmingham bila Liverpool wanawafanyia vijana wetu utapeli. Kwa kila Mtanzania anayekwenda ugenini akarudi shujaa, wapo wengi waliokwenda kupamba rekodi ya mwenyeji, wakarudi na nauli na kichwa kinachouma.

Twende basi kwenye hilo jembe lenyewe. Mkulima gani wa Tarime anayefunga nira moja juu ya dume lililokomaa na ndama? Maksai mchanga hufungwa na aliyezoea, wanaolingana kimo, akaanza na kazi nyepesi, akaongezewa kidogo kidogo. Huyo ng'ombe anapangiwa wa kulima naye, halafu mtoto wa mtu aokotewe wa kupigana naye! Na ndugu zetu wa Serengeti wanawaona nyumbu ukingoni mwa mto Mara. Anayeingia majini kwanza mara nyingi hakuamua. Amesukumwa na walio nyuma, na walio nyuma hawaliwi na mamba wa kwanza.

Wala sitetei ujanja wa upande wa pili. Wapo mameneja wanaomlisha bondia wao vibonde, mapambano kumi ya ushindi mtupu, kisha wakamwita tishio. Huyo naye ameuzwa, ila kwa malipo ya taratibu. Siku atakapokutana na ngumi ya kweli hatakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza swali. Mpinzani mwema ni yule anayemdai bondia kitu kimoja asichokuwa nacho bado, awe pumzi, awe ulinzi, awe subira, tena kwa muda unaotosha kukitafuta.

Mtu asiniambie kukataa ni uoga. Februari 1980 Muhammad Ali, aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alitumwa na Rais Carter aje Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mtu wa mkoa wetu huu huu wa Mara, alikataa kuonana naye. Je, alimwogopa? Aliuliza nani kamtuma na kwa faida ya nani, basi. Ali mwenyewe, Oktoba mwaka huo, alikubali kupigana na Larry Holmes akiwa na umri wa miaka 38, akapigwa hadi kona yake ikamzuia kuendelea baada ya raundi ya 10. Mwaka 1984 madaktari walitangaza ana ugonjwa wa Parkinson. Umati uliomtaka arudi ulingoni haukumshikia kikombe mikono yake ilipotetemeka.

Kijana wa Tarime, kijana wa Serengeti, ukipigiwa simu uliza: ni nani, ana uzito gani, nina wiki ngapi, na nikianguka nani atanitibu? Meneja akikuita mwoga, mwambie avae glavu yeye.