Nywele za Kope Zinaporudi

Hapa jijini Dar es Salaam neno vikope halisikiki mara kwa mara. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita trakoma, tumezoea kuuhesabu kuwa ni wa wenzetu wa bara, kwenye vumbi na shida ya maji, kama vile Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma. Lakini mji huu umejaa watu waliozaliwa kwingine. Vijana wakipata chumba na biashara huwaita wazazi wao waje kukaa nao, na mzazi huja na macho yake yaleyale. Baadhi yao tunawapokea wakiwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa kope huko nyumbani, na wanakuja na malalamiko.

Mama mmoja aliyepita miaka 60 anaishi kwa mwanawe anayeuza nguo Kariakoo. Alipasuliwa kope ya jicho la kulia katika kambi moja ya macho mkoani kwao. Anasema aliambiwa, "Ukipasuliwa utaona." Maumivu yalikwisha, naye akashukuru, lakini ukungu haukuondoka. Mwaka haujapita sana, jicho likaanza tena kuchoma na kutoa machozi. Mwanawe alidhani ni vumbi la sokoni, akawa anamnunulia matone kwenye maduka ya dawa, leo ya aina hii, kesho ya aina ile. Tulipomwangazia tochi tuliona nywele tatu zimegeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Jicho la kushoto nalo limeanza kuwa hivyo hivyo, ila hataki kabisa liguswe. "Wamenidanganya mara moja, inatosha, mwanangu," ndivyo alivyotujibu.

Hatuwezi kumlaumu. Vikope huletwa na kijidudu kinachopita kwa vidole, vitambaa na nzi, kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine. Mtoto huugua mara nyingi, na kila mara upande wa ndani wa kope hupata makovu. Baada ya miaka mingi makovu hayo huvuta ukingo wa kope, nywele zikaelekea jichoni. Kila mgonjwa anapopepesa, kioo cha jicho kinakwaruzwa, hatimaye kinaingia weupe. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo.

Upasuaji wenyewe si mkubwa. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kope hukatwa, ukingo wake hugeuzwa kuelekea nje na kushonwa. Wauguzi na matabibu waliofundishwa vizuri huufanya, hata kijijini. Kazi yake ni kuziondoa nywele kwenye kioo cha jicho. Weupe uliokwisha kuingia hauondoi. Mtu anaweza kuona nafuu kidogo kwa sababu machozi na uchafu vimepungua, lakini anayeahidiwa kuona kama zamani anaahidiwa kisichokuwapo. Na makovu yanabaki, kwa hiyo nywele zinaweza kurudi. Katika tafiti mbalimbali waliorudiwa wamekuwa wengi, mahali pengine wachache tu, mahali pengine karibu nusu ya waliopasuliwa au zaidi. Inategemea ukali wa ugonjwa, na inategemea pia mkono wa mpasuaji. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji ilipunguza kurudi huko kwa takriban theluthi moja, ikilinganishwa na mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka. Yaani kinachofuata baada ya mshono nacho ni sehemu ya matibabu.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaojivunia hesabu ya kope zilizopasuliwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mwaka 2030 kuwa shabaha ya kuutokomeza ugonjwa huu, na Ghana (2018) na Malawi (2022) zimekwisha kutambuliwa kuwa zimefaulu. Tunafurahi nao. Kipimo kimojawapo ni kwamba wenye nywele zilizogeuka, wasiojulikana na huduma za afya, wawe chini ya 2 katika kila watu 1,000 wenye miaka 15 na zaidi. Tazama maneno hayo, "wasiojulikana". Aliyepasuliwa nywele zikarudi anajulikana, na aliyekataa kupasuliwa anajulikana pia. Huyu mama yetu basi, kwa macho yote mawili, hayumo katika hesabu hiyo. Kipimo kina sababu zake, maana hakuna nchi inayoweza kumlazimisha mtu kisu. Ila kujulikana kusiwe kusahauliwa.

Tunalotaka ni kwamba mgonjwa aelezwe ukweli kabla ya sindano ya ganzi, kwa lugha yake, na ndugu mmoja awepo asikie. Kisha aangaliwe kesho yake, aangaliwe kati ya siku ya 7 na ya 14 (nyuzi zisizoyeyuka ndipo hutolewa), na tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Kambi isiyoweza kurudi kuwaangalia watu wake, afadhali ipasue wachache.

Nanyi mnaokaa na wazee hapa mjini, msingojee kambi. Mtazameni mzazi machoni mchana, penye mwanga, akiangalia mbele na chini. Mkiona nywele zinagusa jicho, au nyama nyekundu imeota kwenye kovu, au kope haifungi vizuri akilala, mleteni. Kama nywele ni moja au mbili, mtu aliyefundishwa anaweza kuzing'oa kwa kibano kizuri na kumwangalia mara kwa mara. Vile vibano butu hukata nywele katikati, na kisiki kinachobaki huchoma kuliko nywele yenyewe. Matone ya dukani msiyanunue kwa kubahatisha, kwa kuwa mengine yana dawa za jamii ya kotisoni, na jicho lenye kidonda linaweza kuharibiwa nazo kabisa. Akija, aje na kadi yake ya upasuaji kama anayo, na matone yote aliyokuwa akitumia, hata chupa zilizokwisha.