Lori la umeme lina foleni yake mizani

MAONI YA BARABARANI
Na Selemani Mbonde

Machi 2025 kampuni ya betri ya Northvolt ilifilisika nchini Sweden, na mteja wake mkubwa, kampuni ya malori ya Scania, akabaki ameshika tama. Uhusiano wao ulianza 2018, Scania ilipotia euro milioni 10 ndani ya Northvolt. Mwaka 2023 walitangaza kwa mbwembwe kwamba seli waliyoiunda pamoja ingeliendesha lori kilomita milioni 1.5, yaani karibu umri wake wote barabarani. Mwaka huohuo Scania ikafungua kiwanda Södertälje cha kuunganisha seli hizo kuwa betri. Jengo likawa tayari, mafundi tayari, ila seli zikawa zinakuja kwa kudonadona. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Scania haikufa kwa sababu haikuitupa dizeli. Novemba 2021, wakati kila mtu akiimba umeme, ilizindua injini mpya ya dizeli iitwayo Super, iliyogharimu zaidi ya euro bilioni 2 na kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 8. Northvolt ilipoanguka, malori ya dizeli yaliendelea kuingiza fedha. Kisha Oktoba 2025 Scania ikafungua kiwanda Rugao, China, chenye uwezo wa kutoa malori 50,000 kwa mwaka, jirani na watengenezaji wa betri wakubwa kuliko wote duniani.

Kwa maoni yangu, bosi wa Scania, Christian Levin, alifanya vyema kushika mambo mawili kwa pamoja. Kosa lilikuwa kumwegemea mno msambazaji mmoja. Kurudi nyuma, hata hivyo, hawezi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wapunguze hewa ya ukaa ya malori mapya kwa asilimia 45 ifikapo 2030 na asilimia 90 ifikapo 2040, ikilinganishwa na 2019. Anayechelewa anapigwa faini.

Sisi tunaingiaje? Tunaingia kupitia mtumba. Simama Mikese au Makambako uhesabu vichwa vya Scania vinavyopita: vingi vilianza kazi Ulaya. Lori ambalo Mjerumani au Mholanzi analinunua leo, kesho litakuwa kwenye yadi za Dar es Salaam. Siku moja tutaletewa la umeme, na betri iliyochoka ndani yake.

Lori la umeme ambalo Scania ililitangaza 2022, lenye betri za kilowati-saa 624, husafiri hadi kilomita 350 kwa chaji moja likiwa na uzito wa tani 40. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, tena katikati upo mlima wa Kitonga. Likishuka pale na shaba ya Zambia, mota yake inageuka jenereta: inalizuia lori huku ikiirudishia betri umeme, na breki hazitoi harufu ya kuungua. Lakini safari ya kwenda, likipanda na mzigo wa bandarini, chaji itaisha upesi, na chaja ya lori njiani hakuna.

Kwa hiyo tusianze na Tunduma. Kwanza, tuanze na bandari ya Dar hadi bandari kavu ya Kwala, kama kilomita 90. Lori linakwenda na kurudi bila kuongeza chaji, kisha linachajiwa wakati kontena zinapakiwa. Umeme upo: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115.

Pili, Shirika la Viwango (TBS) linalokagua magari ya mtumba liongeze kipimo cha betri, liseme uwezo uliobaki ni asilimia ngapi, na chini ya kiwango fulani lori lisiingie. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika lori hilo. Tajiri akiuziwa iliyokufa, ameuziwa chuma chakavu.

Tatu ni mizani. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaishia tani 56. Ulaya imeyaruhusu malori yasiyotoa moshi kuongeza hadi tani 2, ili betri isile nafasi ya mzigo. Nasi tukiweka kifungu cha namna hiyo, hesabu ya tajiri wa malori inabadilika, kwa kuwa kila tani ya betri inayohesabiwa kama mzigo ni tani ambayo mteja wake hailipii.

Watakaosema tusubiri Wazungu wamalize kubahatisha wana hoja kwenye kununua: hakuna haja ya kukimbilia malori ambayo wenyewe bado wanayahangaikia. Kwenye sheria hawana hoja. Chaja zitahitaji fedha na vifaa vya TBS vitahitaji bajeti, lakini kifungu cha mizani kinahitaji kikao tu. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya waanze na hicho.