Tusiwakalishe Wazee Wetu

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay,

Siku ya soko nendeni Rongo, msimame kando ya barabara kuu itokayo Isebania kwenda Kisii, mumtazame mama mmoja tu wa miaka sabini na kitu akivuka. Kikapu kiko kichwani, leso imefungwa kiunoni. Anashusha mguu kwenye lami, anaurudisha. Trekta la miwa linapita na trela lake, linafuatwa na lori la kutoka mpakani, kisha pikipiki tatu. Kimya kidogo. Anaanza. Akifika katikati, mabega yanatangulia mbele lakini miguu haiyafuati. Anataka kukimbia na miguu inakataa.

Fanyeni hesabu nami. Lami ya njia mbili ina upana wa mita 7 hivi. Mwenye miguu imara, anayekwenda mita 1.2 kwa sekunde, huvuka kwa sekunde 6. Anayekwenda nusu mita kwa sekunde anahitaji sekunde 14. Lori la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 14 limekwenda zaidi ya mita 300. Mama alipoanza kuvuka, lori hilo huenda halikuwa limeonekana hata kidogo.

Nawaandikia kwa sababu ya miguu hiyo.

Jibu letu liko tayari siku zote: ni uzee, tufanyeje? Umri una sehemu yake, sikatai. Kuanzia miaka ya arobaini mwili huanza kupoteza misuli polepole, na baada ya sitini huongeza kasi. Mapaja huathirika zaidi, na ndani ya mapaja zile nyuzi za kazi ya ghafla, za kuruka mtaro, za kujizuia ukijikwaa, za kukwepa pikipiki, ndizo hupungua sana. Nguvu huondoka upesi kuliko nyama yenyewe. Ndiyo maana mzee anaweza kuonekana amenawiri na bado asiweze kunyanyuka kitini bila kushika meza.

Sehemu nyingine, tena si ndogo, ni kukaa. Na tuliowakalisha ni sisi.

Tunafanya hivyo kwa mapenzi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto akipata kazi Nairobi, kitu cha kwanza anamnunulia mama kiti kizuri na kumtafutia msichana wa kazi. Ndoo inachukuliwa mkononi mwake. Jembe linafichwa. Akiinuka kwenda kumfungua mbuzi, wajukuu wanapaza sauti: "Dani, bed piny!" Nyanya, keti chini. Naye anaketi, kwa kuwa ameambiwa kwa heshima, asubuhi hadi jioni pale mlangoni, na kila wiki paja linapungua. Tumewafundisha watoto kwamba mzee anayetembea ni aibu kwa boma.

Mama yangu alilazwa siku 10 kwa nimonia. Aliingia wodini kwa miguu yake. Mapafu yakapona. Hakuna aliyemwambia ashuke kitandani, na sisi watoto tuliokuwa tukipokezana zamu tulimlisha, tukamwogesha, tukamfunika blanketi, tukiamini tunamtunza. Siku ya kuruhusiwa tulimbeba hadi kwenye gari. Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007: wazee wenye afya zao, wasio na ugonjwa wowote, walikubali kukaa kitandani siku 10, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Nililia niliposoma. Tuliulinda mwili wote, miguu tukaiacha ife.

Sasa sikieni upande wa pili, maana ndio ulionitoa katika majuto. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwachukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka tisini! Msuli hauangalii kitambulisho. Ukipewa kazi unajijenga, ukinyimwa unajibomoa, na hivyo ndivyo ulivyo hadi mwisho wa maisha.

Na mwendo wa mzee unasema mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2011 watafiti walikusanya kumbukumbu za wazee zaidi ya 34,000 wakaona kwamba kasi ya kutembea inahusiana sana na miaka ambayo mtu amebakiza. Kipimo ni rahisi. Chora mistari miwili sakafuni, mita 4 kati yake. Mzee atembee kama kawaida yake. Ikimchukua zaidi ya sekunde 5, msaidieni mapema. Kipimo kingine kinatumiwa na Shirika la Afya Duniani: mikono ikunjwe kifuani, ainuke kutoka kitini na kuketi mara 5. Akipita sekunde 14, mapaja yanaomba kazi.

Kwetu kuna kipimo cha tatu, nacho hakitajwi kwa sababu ya haya. Choo cha shimo. Mzee asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka huanza kula kidogo, hunywa maji kidogo, ili asiende. Hamwambii mtu. Mnaona amekonda mnadhani ni ugonjwa. Na kule Mfangano, mzee asiyeweza kuinua mguu kupita ukingo wa mtumbwi amefungiwa kisiwani, hata kama ng'ambo anaiona kwa macho.

Basi tufanye nini? Si kazi ya mtu mmoja mmoja. Mzee akiambiwa afanye mazoezi peke yake mlangoni ataona haya, naye ana haki. Wataalamu wanataka mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki. Siku hizo tunazo tayari. Ya kwanza ni siku ya chama: kabla ya kuhesabu pesa, wanachama wote, wazee na vijana, wasimame na kuketi mara 10, wapumzike, warudie. Ya pili ni kanisani au msikitini baada ya ibada: kushika ukuta na kuinuka kwa vidole vya miguu, kisha kutembea kisigino mbele ya kidole kama mtu aliye juu ya ukuta mwembamba, mjukuu akiwa nyuma tayari kudaka. Ya tatu ni nyumbani, familia nzima ikirudia hayo hayo pamoja naye. Aliyeanguka karibuni au mwenye maumivu ya kifua aonwe kwanza na muuguzi wa zahanati.

Na chakula. Msuli haujengwi kwa uji na chai ya rangi. Tumekaa kando ya ziwa, na omena wetu wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku. Sahani ya nyanya iwekwe omena, au maharagwe, au njugu, au yai, kabla ya sahani ya kijana mwenye meno thelathini na mawili.

Yako pia yanayohitaji sauti zetu pamoja. Kaunti zetu mbili zilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.2 katika sensa ya 2019. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii. Asiyeweza kuvuka barabara kwenda sokoni anashiriki vipi? Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Twendeni kwenye vikao hivyo tukiwa wengi. Tudai wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao wapime pia mita zile 4 na kiti kile. Tudai mtaalamu wa mazoezi ya viungo afike kwenye zahanati. Tudai mabenchi njiani kuelekea sokoni, kwa sababu mzee anayejua pa kupumzikia huthubutu kutoka. Kwa barabara kuu, tuiandikie KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa majina na saini zetu: matuta na kivuko penye kila soko, Migori, Awendo, Rongo.

Nyumbani kwetu Ndhiwa tumekitoa kiti cha mama mlangoni tukakipeleka chini ya mwembe, hatua 40. Juzi alipumzika mara mbili njiani. Leo mara moja, na alipofika akamfukuza mbuzi kwa fimbo yake.