Skrinishoti si shahidi, jamani!

Kuna binti mmoja wa hapa Jadida, jina kapuni. Uchumba wake umevunjika kwa picha moja tu. Imezunguka magrupu ya WhatsApp mpaka Wete mjini, na hakuna aliyeuliza nani kaipiga, lini, wapi. Kila mtu hakimu!

Hivi mnadhani mahakamani picha inapokelewa hivihivi? Thubutu.

Mwaka 1869 kule New York, mpiga picha William Mumler alishtakiwa kwa utapeli. Alikuwa anauza picha za watu zikiwa na "roho" za marehemu wao kwa nyuma. P.T. Barnum, bosi wa maonyesho, akaja kutoa ushahidi na picha yake mwenyewe akiwa na Rais Lincoln, aliyeuawa 1865! Aliitengenezesha makusudi kwa mpiga picha mwingine, watu waone ilivyo rahisi. Mumler aliachiwa, ushahidi haukutosha. Ila kuedit hakukuanza na simu yako.

Filamu ya kambi za Wanazi ilipoonyeshwa mahakamani Nuremberg, 29 Novemba 1945, ilianza na viapo vya watu waliohusika kuitengeneza. Pamoja na uzito wote wa kesi ile, bado mtu alitakiwa asimame nyuma ya picha.

Na sisi Wazanzibari tunayo yetu. Ile klipu ya maiti za 1964 iliyopigwa kutoka angani inatoka kwenye Africa Addio, filamu ya Wataliano ya 1966. Mtengenezaji wake mmoja, Gualtiero Jacopetti, alitiwa matatani huko Italia kwa madai kwamba mauaji aliyoyarekodi Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera. Akasafishwa. Lakini swali lenyewe ndilo hilo: picha inakuonyesha kilichotokea, haikwambii kimetokeaje.

Tanzania nayo ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kifungu cha 18 kinataka mahakama iangalie ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na umetoka kwa nani. Skrinishoti iliyofowadiwa mara mia itajibu nini hapo?

Halafu tuache mahakama. Sisi Waislamu, Surat Nur imetaka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke zinaa, na asiyewaleta adhabu ni yake yeye. Leo shahidi wetu ni namba ngeni yenye profaili ya ua waridi!

Sisemi picha zote za uongo. Mwizi akinaswa na kamera, akamatwe. Nasema mwenye picha ajitokeze aulizwe. Akijificha, basi hiyo si ushahidi, ni umbea wenye rangi.

Binti yule hana wakili wala siku ya kujitetea. Na waliofowadi washahamia habari nyingine.

Wewe uliifowadi? Tuambie hapo chini, ila jina lake usilitaje.