Karagwe na Kyerwa zijaribu daraja la faiba

Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wilaya zikawa mbili lakini vilima na mabonde vilibaki vilevile. Kutoka Kayanga kwenda Nkwenda, Isingiro hadi Murongo, safari ni ya kupanda na kushuka, na chini ya vilima hivyo kuna mito, vijito na vinamasi. Barabara kuu zina madaraja ya zege. Taabu iko kwenye njia za vitongojini, anakopita mkulima na gunia la kahawa juu ya pikipiki na mwanafunzi anakovuka juu ya magogo ambayo mvua huyaozesha.

Vivuko hivyo ndivyo vinavyostahili daraja la faiba.

Faiba si ngeni Kagera, mkoa wa wilaya hizi. Boti zake zinaelea Ziwa Victoria. Nyuzi za kioo huloweshwa kwenye rezini, ikikauka hutoka kitu kigumu, kisichoshika kutu, chenye uzito wa takriban robo ya chuma. Wepesi huo ndio hoja kubwa. Boriti nzito huhitaji kreni, na kreni huhitaji barabara, ambayo ndiyo haipo.

Huko Aberfeldy, Scotland, mwaka 1992 lilijengwa daraja la faiba la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 113 juu ya mto Tay, na wanafunzi wa uhandisi walishiriki kuliunganisha. La Pontresina, Uswisi, lililojengwa mwaka 1997, lina mafunzo zaidi kwa watu wa masika: vipande vyake viwili, kila kimoja mita 12.5, vina uzito wa tani 3.3 tu kwa pamoja. Huondolewa mto unapojaa, kisha hurudishwa maji yakipungua.

Kuna jambo jingine ambalo wahandisi wa Ulaya hawalazimiki kuliwaza sana. Chuma cha daraja huibwa kikauzwa kama chuma chakavu. Faiba haina mnunuzi kwenye mizani hiyo.

Hata hivyo, faiba isiuzwe kwa wananchi kama dawa ya kila daraja. Nyuzi za kioo hunepa kuliko chuma, hivyo boriti lazima iwe na kimo cha kutosha. Jua kali hula uso usiopakwa kinga, na moto wa nyasi wakati wa kiangazi ni hatari kwa rezini. Sakafu ya Aberfeldy yenyewe ililazimika kuimarishwa baada ya kupitishwa mzigo ambao haikukusudiwa kuubeba. Malori ya kahawa na ndizi yaendelee kupita kwenye zege, au kwenye madaraja ya mawe ambayo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imeyajenga sehemu mbalimbali nchini kwa gharama nafuu. Penye mawe ya kutosha na njia ya gari, jiwe linashinda.

Bei nayo ipimwe kwa haki. Malighafi ya faiba ni ghali, lakini magogo yanayobadilishwa mara kwa mara nayo yana gharama, na siku ambazo mtoto hafiki shule kwa sababu mto umefurika haziandikwi kwenye kitabu cha halmashauri.

TARURA, halmashauri hizi mbili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wachague kivuko kimoja cha miguu, wajenge daraja la faiba la mita kumi na kitu, wazuie magari, kisha wapime mnepo na uso wake kila baada ya masika na kutangaza matokeo. Bajeti ijayo ianze na hilo moja.