Udugu wa Itikadi Haujengwi kwa Matusi

Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, ni misikiti michache leo isiyokuwa na kundi lake la WhatsApp. Makundi haya yalianzishwa kwa nia njema: kutangaza darsa, kukusanya mchango wa maziko, kujuliana hali. Waliomo ni watu wa itikadi moja na kibla kimoja. Lakini tujiulize kwa uadilifu, ni kipi kinachobaki humo baada ya mwaka mmoja? Suala la fiqhi likiulizwa asubuhi, kufika Laasiri limekwisha kuzaa tuhuma. Ramadhani ikikaribia, kuandama kwa mwezi huwageuza majirani kuwa mahasimu. Darsa ya saa nzima hukatwa ikabaki dakika moja, na kwa dakika hiyo mwalimu aliyewasomesha watoto wetu miaka mingi huitwa mzushi. Hatimaye watu wa busara hunyamaza au hujitoa, na kundi huachiwa wenye ndimi kali.

Wapo wanaoitetea hali hii. Hoja zao ni tatu, nasi tutazijibu moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza husema: "Sisi tunasema haki, na haki ni chungu." Tunajibu kwamba uchungu wa haki unatosha wenyewe, hauhitaji kuongezewa uchungu wa ulimi. Musa na Harun (A.S.) walipotumwa kwa Firauni, mtu aliyedai uungu, waliamrishwa waseme naye kwa upole, kama ilivyo katika Suratu Twaha, aya ya 44. Je, imamu wa msikiti wa mtaa wa pili ni muovu kuliko Firauni? Na bedui alipokojoa ndani ya Msikiti wa Mtume, Swahaba walimwinukia kwa hasira. Mtume (S.A.W.) akawazuia, akaamuru pamwagwe maji, kisha akamfunza yule mtu. Kosa lilikuwa wazi na mahali ni patukufu, lakini heshima ya aliyekosea ilihifadhiwa, na najisi ikaondoshwa vile vile. Basi asidai mtu kwamba upole ni kuificha haki.

Hoja ya pili huletwa na wale waliosoma kidogo: "Hii ni elimu ya jarhu na taadili, Maulamaa waliwataja watu kwa majina." Naam, waliwataja. Lakini ni akina nani waliofanya kazi hiyo, na kwa adabu gani? Walikuwa mabingwa wachache, wakiwapima wapokezi wa hadithi, kwa dharura ya kuihifadhi Sunna. Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria) alijulikana kwa hadhari ya ibara zake. Mpokezi aliye dhaifu mno mara nyingi alitosheka kusema juu yake kwamba wanazuoni wamemnyamazia. Imam Dhahabi (aliyefariki mwaka 748 Hijria) alitanabahisha katika Mizanul Iitidal kuwa maneno ya wanazuoni wa zama moja wakisemana wenyewe kwa wenyewe hayatiliwi maanani, hasa yakidhihiri kuwa yametokana na uadui au husuda. Na Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) alihesabu katika Riyadhus Salihin sababu sita tu zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo. Kutaka kushangiliwa na wanakundi haimo katika hizo sita. Basi kijana aliyemaliza kitabu kimoja cha nahau anapata wapi kiti cha kuwahukumu Waislamu, naye simu iko mkononi na hasira ziko kifuani?

Hoja ya tatu ni nyepesi kuliko zote: "Haya ni mazungumzo ya simu tu." Hivyo ndivyo Madina ilivyotikisika katika kisa cha Ifki, pale Mama wa Waumini Aisha (R.A.) alipozuliwa. Uvumi ulipokezwa kutoka ulimi hadi ulimi kwa muda wa mwezi takriban, mpaka zikashuka aya za Suratun-Nur kumtakasa. Leo kidole kimechukua kazi ya ulimi. Baada ya uvumi wa simu kusababisha mauaji ya watu nchini India mwaka 2018, WhatsApp wenyewe walilazimika kuweka mipaka: mwezi Januari 2019 ujumbe ukazuiwa kupelekwa zaidi ya sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kupelekwa sehemu moja moja tu. Kampuni ya biashara imeona haja ya kuupunguza mwendo uvumi. Sisi tulioamrishwa kuhakiki habari katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, tunangoja nini?

Ndugu zetu, itikadi moja peke yake haifanyi jamaa moja. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyafanya ni kuunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akamtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Naye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko. Mmoja alitoa bila ya masimango, na mwenziwe akajizuia bila ya kiburi. Watu wa namna hiyo wanaweza kukhitalifiana na wasiangamizane. Imam Shafii alijadiliana na Yunus as-Sadafi wakaachana bila ya kuafikiana, kisha alipokutana naye akamshika mkono, akamkumbusha kuwa udugu wao ungalipo. Na hapa pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Alizikosoa hali za Waislamu wenzake kwa kalamu, akitaka waamke.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kila jamaa ya msikiti mambo haya. Usimamizi wa kundi ni amana. Apewe mwenye hilimu, wala usiachiwe yeyote kwa kuwa ndiye aliyelifungua. Suala la khilafu lirejeshwe kwenye darsa, mbele ya mwalimu na kitabu. Asijadiliwe mtu asiyekuwepo kujitetea. Sauti iliyokatwa isisambazwe mpaka isikilizwe yote. Mwenye nasaha ampelekee mwenziwe faragha. Na aliyejitoa afuatwe nyumbani kwake aulizwe limemsibu nini, asifanyiwe mzaha nyuma yake.

Hatusemi kosa linyamaziwe. Kosa litajwe, dalili ibainishwe, na heshima ya Mwislamu ibaki salama. Anayeshindwa kuyakusanya mambo hayo matatu, basi kunyamaza kwake ni bora kwake na kwetu.

Tunamwomba Allah (S.W.) aziunganishe nyoyo zetu na azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Wabillahi tawfiq.